Nanyi Mafrateri, Mnasikiliza Nini?

Likizo iliyopita tulitumwa, mafrateri watatu wa falsafa, kukaa majuma manne katika kigango kimoja jirani na Chidya, juu kwenye nyanda za Makonde, kati ya Masasi na Newala. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Vijana waliondoka alfajiri, kabla umande haujakauka, wakarudi saa tatu na nyuso za njano kama waliopakwa unga. Sisi tulifundisha katekesimu, tulitembelea wagonjwa, tulisaidia kwaya. Tuliporudi seminarini, barua ya paroko ilitusifu. Lakini kuna jambo moja halikuwemo katika barua ile, nalo ndilo tunaloliandika hapa: tulidanganya watu kuhusu muziki.

Wengi wanaifahamu Chidya kwa shule yake kongwe, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Katika kigango chetu Wakatoliki si wengi; wanaishi pamoja na Waanglikana na Waislamu, wanazikana, wanasaidiana shambani. Kila Jumapili jioni baadhi yao hukusanyika nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mwanglikana, mpenzi mkubwa wa muziki wa dansi. Kuna paneli ya sola juu ya bati, sabufa iliyonunuliwa kwa fedha za korosho, na flashi mbili tatu zilizojaa zilipendwa. Anayetaka huja na wimbo wake, kwenye simu au kwenye memori kadi.

Baraza lile lina masharti. Wimbo ukianza, hakuna anayesema mpaka uishe. Aliyeuleta aeleze ulimfikiaje. Na ukisema mpiga gitaa fulani ni bora, onyesha ni wapi: dakika ya ngapi, baada ya ubeti upi. Kusema tu “huyu ni moto” hakuruhusiwi. Mwalimu alitueleza masharti hayo kwa uzito uleule ambao sisi tunapewa masharti ya maktaba.

Jumapili tuliyokaribishwa, mjadala ulikuwa wa zamani: nani mpiga solo bora katika dansi la Tanzania? Dereva mmoja wa bodaboda alileta wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Dereva yule hakumkuta. Alimpata kwa babu yake, kwenye kaseti. Hoja yake ilikuwa kwamba Mbaraka aliimba na kupiga solo mwenyewe, hivyo gitaa lake linajua lini limjibu mwimbaji. Fundi cherehani alimpinga kwa Saidi Mabera wa Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Alisema Mabera anajua kunyamaza. Anamwachia mwimbaji nafasi ya kumaliza kusema. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliwasikiliza wote kisha akamleta Ndala Kasheba, Mkongo aliyefanya jina lake Dar es Salaam na gitaa la nyuzi 12. Alieleza kwamba nyuzi hizo zimepangwa mbili mbili, ndiyo maana kila sauti inatoka kama imeshikwa mkono na nyingine. Alipokuwa muuguzi kijana alilisikia gitaa hilo redioni zamu za usiku, na alidhani wapigaji ni wawili.

Mwalimu mwenyewe ni mtu wa Sikinde, DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Alisema tunauliza swali vibaya. “Mnagombania solo kama mnavyogombania mfunga magoli. Aliyempa pasi je?” Akatupigia wimbo mmoja wa Sikinde mara mbili. Mara ya kwanza tulifuata solo, kama kawaida. Mara ya pili alituamuru tuisahau solo, tusikilize magitaa mengine: rithimu, besi, na lile gitaa la pili ambalo wapenzi wa dansi huliita sekondi solo. Wimbo ulianza taratibu kwa kisa chake, sauti zikipokezana. Ulipoingia kwenye chemko, pale mwendo unapobadilika na watu husimama kucheza, tulisikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, ingawa wimbo wenyewe tuliufahamu: gitaa la pili lilikuwa likirudia sentensi moja fupi bila kuchoka, na kila gitaa jingine lilijipima kwayo.

Kijana mmoja wa miaka kama 18, aliyekaa kwenye mkeka mlangoni, akasema, “Mjomba, sekondi ndiyo inayomwambia solo aende wapi. Ukiitoa, solo inabaki inazunguka tu.” Akaonyesha kwa vidole vyake juu ya goti. Baraza likanyamaza. Dereva wa bodaboda akaomba wimbo urudiwe.

Ndipo Mwalimu akatugeukia. “Nanyi mafrateri, huko seminarini mnasikiliza nini?”

Tukajibu karibu kwa sauti moja: “Nyimbo za kwaya, Mwalimu. Na Kigregoriani kidogo.”

Watu wakaitikia kwa heshima. Mwalimu akacheka. “Vizuri. Ila huyu frateri wa katikati, vidole vyake vimeingia kwenye chemko kabla ya bendi yenyewe.”

Wote walicheka, nasi tukacheka. Kijana wa mlangoni tu hakucheka. Alitutazama, kisha akaangalia chini. Na sisi tulijua kwa nini.

Alhamisi iliyotangulia kijana huyo alikuja kwenye mazoezi ya kwaya na gitaa alilolitengeneza mwenyewe: galoni la bati, shingo ya mti, nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Aliuliza kwa adabu kama anaweza kusindikiza wimbo mmoja wa matoleo. Tulimjibu papo hapo, tukiwa tumesimama: gitaa si chombo cha Misa, ni cha baa. Hatukumwomba apige hata kidogo. Alisema “Asante, frateri,” akaondoka. Jumamosi hakuja mazoezini.

Ndugu msomaji, tumejiuliza mara nyingi kwa nini tulidanganya. Hakuna kanuni katika seminari yetu inayokataza kusikiliza Sikinde au Msondo. Mmoja wetu amelelewa na baba asiyekosa kipindi cha zilipendwa. Mwingine ana nyimbo za Marijani Rajabu katika simu. Tulijikataza wenyewe. Tulidhani watu wanataka kuona mafrateri wasio na masikio ya kawaida. Na Alhamisi ile tulimkatalia kijana kitu ambacho sisi wenyewe tunakipenda, tena kwa sababu tu tunakipenda na tunaona aibu. Hapo ndipo uwongo mdogo wa barazani unapoacha kuwa mdogo.

Katika darasa la falsafa ya kale tulisoma kwamba Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anaondoa mjini mwake filimbi na ala zenye nyuzi nyingi, lakini anaacha zeze la Kigiriki na ala iitwayo kithara. Kithara si gitaa, lakini jina lake lilisafiri kupitia Kiarabu na Kihispania hadi likawa guitarra, na kwetu likawa gitaa. Jina hilohilo, cithara, limo katika Zaburi za Kilatini zilizosaliwa na wamonaki kwa karne nyingi. Hili peke yake halithibitishi kwamba gitaa la umeme linafaa madhabahuni. Linatukumbusha tu kwamba Plato, mkali kama alivyokuwa, hakuondoa ala kabla ya kuuliza inamfanyia nini anayeisikiliza. Sisi tuliondoa kwanza.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, anauliza kama vijana wajifunze kupiga ala wenyewe au wasikilize tu. Jibu lake ni kwamba wajifunze kwa kiasi wakingali vijana, kwa sababu ni vigumu kuwa mwamuzi mzuri wa kazi ambayo hujawahi kuigusa. Tulikuwa tumeifaulu mada hiyo kwenye mtihani. Tuliielewa pale kwenye mkeka. Katika baraza lile lenye walimu, wauguzi na wanafalsafa watatu, aliyesikia vizuri kuliko wote alikuwa kijana ambaye vidole vyake vimekatwa na waya wa breki.

Jumatatu tulikwenda parokiani tukaazima hati za Kanisa, jambo tulilopaswa kulifanya kabla ya Alhamisi. Konstitusio ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, katika namba 120 inakipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee, kisha inaruhusu ala nyingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi zinafaa au zinaweza kufanywa zifae kwa matumizi matakatifu, zinalingana na hadhi ya hekalu, na zinawajenga waamini kweli. Waraka Musicam Sacram wa mwaka 1967 unaongeza sharti gumu: ala ambazo kwa maoni na matumizi ya watu wote ni za muziki wa kidunia tu, ziachwe kabisa. Lakini waraka huohuo, kabla ya sharti hilo, unasema utamaduni na mapokeo ya kila taifa yazingatiwe.

Tulisoma sharti hilo mara kadhaa. Mwanzoni lilionekana kutupa haki: si tulisema gitaa ni la baa? Kisha tukaona maneno “kwa maoni na matumizi ya watu wote.” Watu gani? Bila shaka watu wa mahali pale. Na maoni yao utayajuaje? Sheria yenyewe inadai kwamba anayeamua ajue watu wanasikiliza nini, wanakumbuka nini wanaposikiliza, na ala ile imeshika nafasi gani katika maisha yao. Hilo halimo maktabani. Limo katika baraza la Jumapili jioni, na baraza hilo humfungukia mtu anayekuja na wimbo wake. Mtu anayeficha masikio yake hataambiwa ukweli na wenye masikio.

Huu ndio msimamo wetu. Kwa frateri, kushirikiana na watu katika wanachosikiliza, na kubishana nao kwa hoja juu ya mpiga gitaa huyu na yule, ni sehemu ya malezi. Hakuibi muda wa malezi. Ni mazoezi ya kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema, na ya kutoa sababu badala ya kutoa cheo.

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema muziki wa dansi una maneno yasiyofaa. Ni kweli, baadhi ya nyimbo hatuwezi kuzitetea, na kulinda hisi zetu ni wajibu. Lakini mpenzi wa kweli huchagua. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba alisitasita: aliogopa utamu wa sauti kumteka kuliko maneno, na papo hapo alikumbuka machozi aliyoyatoa kwa nyimbo za kanisani siku za mwanzo za imani yake. Hakulimaliza suala hilo kwa kuficha. Aliliandika likasomwa na kila mtu. Na tusisahau kwamba katika kumbi zilezile za Dar es Salaam, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, aliimba juu ya kifo na juu ya maisha ya maskini, watu wakacheza huku wakifikiri. Miaka yake ya mwisho aligeukia muziki wa injili, akafariki Desemba 2010.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo hatukulisoma popote. Mama mmoja wa jumuiya, tulipomweleza habari za kijana, alitusikiliza kisha akasema: “Mwanangu, mimi nikisikia gitaa la dansi nakumbuka fedha za korosho za marehemu mume wangu zilivyoishia ukumbini, nami niko nyumbani na watoto.” Hatukuwa na jibu, na hatujalipata. Kumwambia kwamba kithara imo katika Zaburi kungekuwa matusi. Yeye ni mmoja wa “watu wote” wa waraka ule, na maoni yake yana uzito. Lakini tulijua jambo hilo kwa sababu tulimwuliza. Alhamisi ile hatukuwa na habari za mama huyu wala za kijana. Tulikuwa na neno “baa” tu mdomoni.

Wapo pia wanaosema, tuyaache haya, ngoma na kinanda vinatosha. Tunaziheshimu ngoma, na tunakumbuka kwamba nazo hazikuingia Misani bila mjadala. Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akichambua hati za Kanisa na muziki wa watu wake kwa pamoja. Na hapahapa Masasi, ndugu zetu Waanglikana wakiwa na Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wao wa kwanza mwaka 1926, walihangaika kuunda jando la Kikristo. Waliofanya hivyo wamesifiwa na wamelaumiwa, lakini hakuna aliyeweza hata kuanza bila kwanza kujua jandoni kunafanyika nini. Huwezi kutenganisha kinachofaa na kisichofaa katika jambo ulilokataa kulisikia.

Hatusemi gitaa liingie kesho katika kila kigango. Hilo si letu kuamua. Kuna paroko, kuna kamati ya liturujia, kuna askofu. Tunachosema kinatuhusu sisi wenyewe. Tumejenga desturi seminarini ya kuvaa visikilizi, kila mtu na muziki wake, na mtu akija tunazima. Tukiulizwa, tunataja kwaya. Tunaishi miaka mingi chumba kwa chumba bila kujua jirani anasikiliza nini usiku wa Jumamosi, kisha tunatumwa kwa watu tukitarajia watufungulie mioyo. Tungependa kuona, hata mara moja kwa mwezi wakati wa mapumziko, meza moja yenye spika moja, kila frateri alete wimbo, aseme ulimfikiaje, na wenzake wasikilize mpaka mwisho. Masharti yaleyale ya Mwalimu yanatosha. Anayependa kwaya alete kwaya, maana wapo wanaoipenda kweli na hawajasema uwongo kama sisi. Anayependa singeli alete singeli, atuonyeshe ni wapi.

Siku mbili kabla ya kuondoka tulimfuata kijana shambani kwao. Alikuwa amemaliza kupuliza, ananawa uso. Tulimwomba radhi kwa mambo mawili: kwa jibu la Alhamisi na kwa uwongo wa Jumapili. Tulimwambia tunasikiliza nini, kila mmoja kwa zamu. Alishangaa kidogo. “Kumbe na nyie mna Marijani?” Kisha akaingia ndani akaleta galoni lake.

Alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada. Dole gumba lilishika besi, kile cha shahada kikazungumza juu yake, na kwa muda tulisikia magitaa mawili. Tulimwuliza amejifunza wapi. Alisema Mwalimu alimpa flashi yenye nyimbo za Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952, naye amekuwa akimfuata polepole, sehemu baada ya sehemu, kwa mwaka mzima. Waya mmoja ulikuwa umelegea na sauti ilipotea mara mbili tatu. Hakuomba samahani; alirudi nyuma akaanza tena pale alipokosea.

Paroko, tulipomweleza, aliamua kwamba kijana ajiunge na vijana wa parokia Jumamosi, apige katika mikutano yao, na suala la Misa lipelekwe katika kamati ya liturujia. Yule mama wa jumuiya ni mjumbe wa kamati hiyo. Mpaka tunaandika makala hii hakuna uamuzi, nasi hatujui ungekuwa upi kama tungekuwa wajumbe.

Mwalimu alitusindikiza hadi kwenye gari la Masasi. Alisema tunakaribishwa likizo ijayo, kwa sharti moja: tusije mikono mitupu, tuje na wimbo, na tuwe tayari kuonyesha ni wapi. Tangu turudi tunabishana kila baada ya chakula cha usiku. Mmoja anataka tupeleke Sikinde, ili Mwalimu afurahi. Mwingine anasema hiyo ni kujipendekeza, tupeleke Marijani. Wa tatu anasema tupeleke kwaya moja anayoipenda kweli, na tuitetee kama wengine wanavyotetea magitaa yao. Bado hatujakubaliana.